Nilivyoingia Capitol, kumbe Rais wa Marekani naye anaombaga hela

Basi wadau, nilipokuwa Washington nikasema siondoki bila kufika Capitol, lile jengo la Bunge lao lenye kuba jeupe tunaloliona kwenye taarifa ya habari. Treni ya Metro mpaka kituo cha Capitol South, ukitoka unapandisha kidogo tu umefika. Kuingia bure, ila ukaguzi wake we acha, hata chupa ya maji unaambiwa umalizie hapohapo au utupe.

Kuwaona wabunge wenyewe kunahitaji kikaratasi kingine cha ruhusa, sisi wageni tunakiomba dawatini kwa pasipoti, na simu unaiacha kabla hujapanda. Bunge lao lina mabaraza mawili, Seneti na Baraza la Wawakilishi, nikaenda upande wa Seneti nikitegemea kelele kama za Dodoma wakati wa bajeti. Wapi! Maseneta wako 100, wawili kila jimbo, lakini mle ndani hawafiki hata kumi, karani anaita majina polepoleee na hakuna anayeitika. Mzee mmoja jirani yangu akaninong'oneza hapo wanavuta muda tu, wenyewe wako huko vyumbani wanapatana.

Kilichonishika zaidi ni kwamba humo hukuti waziri. Kwetu Bongo waziri ni mbunge, anasimama anajibu maswali, ila wao katiba yao ya 1787 imekataza kushika vyote viwili, ukitaka uwaziri achia kiti. Na Rais hawezi kulivunja Bunge hata akikasirika vipi. Anaweza kugoma kusaini muswada, sawa, lakini Seneti na wale 435 wa Baraza la Wawakilishi wakipata theluthi mbili kila upande inakuwa sheria apende asipende. Mawaziri na majaji anaowateua lazima Seneti iwapitishe. Hela ndo usiseme, mfuko kaushika Bunge, si mnakumbuka Trump alivyotaka hela za ukuta wa mpakani na Mexico wakamnyima, ofisi kibao za serikali zikafungwa siku 35 kuanzia Desemba 2018.

Ukivuka barabara unakutana na Mahakama ya Juu, majaji 9, hawana muda wa kustaafu, na tangu kesi ya 1803 wanaweza kuifuta sheria ya Bunge wakiona inapingana na katiba. Pale niliishia kwenye ngazi, picha mbili tatu basi.

Jioni kwenye teksi nikaona pleti namba za magari ya mji ule zimeandikwa malalamiko eti wakomeshe kodi bila uwakilishi, nikamuuliza dereva, Muhabeshi mmoja mcheshi sana. Akasema jimbo la Wyoming lina watu wachache kuliko sisi lakini wana maseneta wawili, sisi kwa kuwa siyo jimbo hatuna hata mmoja, na mjumbe wetu kule Baraza la Wawakilishi anaongea weee, ikifika kura ya mwisho ya muswada anakaa anaangalia wenzake. "Kodi lakini," akasema, "hawajawahi kusahau kunikata."