Fonti Zilizoondoka na Printa

Wakati ule nilikuwa nikihudumia kompyuta za ofisi moja ya wakala wa mizigo karibu na bandari ya Malindi, Unguja. Kila mzigo wa Pemba, uwe saruji, mchele au mabati, ulitolewa hati ya nakala 3: nyeupe ya mwenye mzigo, ya waridi ya chombo, ya manjano ya ofisi. Ndiyo maana printa ilikuwa ya pini, ile inayogonga utepe juu ya karatasi. Leza haigongi, kwa hiyo haipitishi maandishi kwenye kaboni.

Printa ya zamani ikafa. Ikaletwa mpya kutoka Dar es Salaam, ya kampuni nyengine, nayo ikachapa tangu siku ya kwanza. Lakini idadi ya magunia iliangukia kwenye safu ya uzito, na tarakimu za mwisho za bei zikakatwa ukingoni. Hamali mmoja mtu mzima alikuja na karatasi yake mpaka mezani kwangu.

"Mwanangu, hii mia na ishirini ni magunia au kilo? Kule chomboni wamekataa kupakia."

Alikuwa na haki. Gunia likipotea baina ya Malindi na Wete, mwenyewe hana shahidi mwengine ila hati ile.

Nikaifungua fomu kwenye programu. Kila kisanduku kiliita fonti, yaani mtindo wa herufi, ya Roman 17cpi (cpi ni idadi ya herufi kwa inchi), na kwenye orodha ya fonti jina hilo halikuwamo tena. Fonti za aina hii hazikai kwenye kompyuta. Zimo ndani ya printa yenyewe, na Windows huzijua kupitia draiva tu, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na printa. Draiva ikiondoka, majina nayo huondoka. Fomu huendelea kuita, na asipopatikana wa kuitika, Windows huweka fonti nyengine inayoona inakaribia. Ile ya zamani ilizipa herufi zote upana mmoja, 17 kwa inchi, ndiyo safu zikanyooka. Iliyoingia badala yake huibana "i" na kuitanua "m".

Karani akashauri tuweke Courier New kila mahali. Wazo zuri, kwa kuwa nayo ina upana mmoja, na safu zilinyooka kweli. Lakini sasa printa ikawa inachora kila herufi kama picha, kichwa kinapita na kurudi, na foleni ikafika mlangoni. Kwa fonti yake yenyewe, printa hutumiwa alama ya herufi tu, ikaigonga papo hapo.

Dawa ilikuwa kwenye menyu ya printa mpya. Printa nyingi za pini, hata zisizo za Epson, zinaweza kufuata lugha ya amri ya Epson inayoitwa ESC/P. Nikaichagua, nikaweka draiva ya Epson ya pini 24, kisha nikafungua orodha: Roman 10cpi, 12cpi, 17cpi, zote zipo! Nilimwita karani aje aone kwa macho yake.

Zikabaki stakabadhi za fedha, bado zimepinda. Fomu ya stakabadhi hizo ilikuwa imefunguliwa na kuhifadhiwa wakati fonti hazipo, kwa hiyo jina la fonti ya badala lilikuwa limeandikwa ndani ya fomu yenyewe. Nikairudisha kutoka kwenye nakala ya akiba, kisha nikamwomba mwenye ofisi makarani wabakishiwe ruhusa ya kuchapa tu.

"Unawafungia watu wangu, bwana?"

Nikamwekea stakabadhi mbili ubavuni, iliyopinda na iliyonyooka. Akachukua rula, akapima mwenyewe kutoka ukingoni hadi safu ya bei, akanitaka nikaifanye kazi hiyohiyo kwenye ofisi yao ya Wete kabla printa yao haijabadilishwa.