Maji Kwanza, Rangi Baadaye: Ninavyochagua Vifaa vya Kufungia Nzi wa Bandia

Kazi yangu ni kufunga nzi wa bandia, vile vyambo vidogo vya manyoya na uzi ambavyo mvuvi wa trauti hurusha mtoni. Kwetu Kenya kazi hii si ngeni. Mlowezi Mwingereza Ewart Grogan aliagiza trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, mwaka 1905 na kuwatia mto Gura kule Aberdare, na kwa miongo mingi sasa mafundi wa hapa wamekuwa wakifunga nzi wanaouzwa Ulaya na Marekani. Nilipokuwa nimeajiriwa karakanani, vifaa vilinijia vikiwa tayari vimechaguliwa. Kazi yangu ilikuwa kukaa mbele ya jiriwa na kufunga. Nilipoanza kujitegemea, na vifaa vya kuagiza ng'ambo vikawa ghali kuliko faida yenyewe, ndipo nikajifunza kuchagua.

Kipimo changu ni glasi ya maji. Kitu chochote kipya nakikata kidogo, nakizamisha, nakibana kwa vidole mpaka kitoe hewa, halafu nakiachilia. Nyuzi za gunia la plastiki hurudi juu, maana polipropilini ni nyepesi kuliko maji. Sufu hunywa maji na kushuka. Unyoya laini wa bata mzinga ukiwa mkavu ni kifurushi tu kisicho na umbo, lakini ukilowa huanza kucheza hata maji yakiwa yametulia. Rangi naiangalia mwisho kabisa, kwa sababu rangi naweza kuibadilisha jikoni, ila tabia ya kitu majini siwezi.

Kwa nzi wa kuelea mtoni natumia ndoana ndogo za waya mwembamba, namba 14 au 16, na manyoya ya shingo ya jogoo. Marekani kuna kuku waliozalishwa mahususi kwa manyoya haya, na ukweli lazima usemwe, ni bora kuliko yetu. Hata hivyo jogoo wa kienyeji aliyekomaa, wa zaidi ya mwaka mmoja, ana manyoya yanayofaa ukijua kuyachambua. Naukunja unyoya mpaka nyuzinyuzi zake zisimame, kisha natazama sehemu ya katikati. Ikiwa na utando mwingi wa laini laini, unyoya huo utalowa na kuzama, basi nauweka kwa ajili ya nzi wa kuzama. Ikiwa nyuzi ni ngumu, zinang'aa na zimeachana, huo ni wa kuelea. Urefu wa nyuzi uwe kama mara moja na nusu ya uwazi wa ndoana, yaani nafasi kati ya ncha na shina. Msimu wa Krismasi, majogoo yanapochinjwa kwa wingi, mimi hupita kwa wauza kuku mapema na kuomba shingo. Nazifua kwa sabuni, nazianika kivulini, na nazifungia pamoja na vidonge vya naftalini, la sivyo nondo watamaliza kila kitu.

Lakini chakula kingi cha trauti kiko chini. Geuza mawe ya mto Thiba au Ragati uone viluwiluwi vya wadudu vilivyong'ang'ania, kahawia na kijani iliyofifia. Mwingereza Frank Sawyer, aliyekuwa mtunza mto Avon, alifunga kiluwiluwi cha bandia kwa nyuzi za mkia wa ndege na waya mwembamba wa shaba, bila uzi wowote. Waya huohuo ndio ulikuwa uzito na ndio ulikuwa kifungio. Naipenda sana akili hiyo. Waya wangu naupata kwa mafundi wa kusuka mota upya, ambao wanauza ule uliotolewa kwenye mota zilizoungua. Mwili nautengeneza kwa manyoya ya sungura wa kufugwa yaliyochanganywa na sufu. Kichwani naweka ushanga: wa kioo kutoka soko la Kariokor, Nairobi, pale maji yanapokwenda polepole, wa shaba ya njano penye kasi. Tangsteni ina uzito zaidi ya mara mbili ya shaba hiyo, ila bei yake inanifanya nisiitumie mpaka mteja aitake.

Bahari ilinifungua macho zaidi. Nahodha mmoja wa Watamu aliniagiza vyambo vya kolekole na mzia, akaniambia, "Mwanangu, nataka kitu ambacho samaki akikitafuna mara tatu bado nina cha kurusha." Basi manyoya ya kuku yakawekwa pembeni. Huko kuna chumvi, jua na meno makali. Ndoana iwe kubwa, ya chuma kisichoshika kutu au iliyopakwa bati, namba 1/0 kwenda juu. Uzi wa denieri 70 (denieri ni kipimo cha unene wa uzi) ninaoutumia mtoni nauacha, nachukua wa 210. Kichwa, badala ya rangi ya kucha inayotosha mtoni, nakifunika kwa resini inayokauka kwa tochi ya urujuanimno.

Mwili wenyewe umetoka saluni na soko la mitumba la Gikomba. Nywele za bandia za kusukia hazinywi maji mengi, ni ndefu, na hazikatiki upesi. Ukizitikisa mara moja maji yote yanatoka, na hilo humpumzisha mkono mvuvi anayerusha siku nzima. Manyoya ya bandia ya makoti ya mitumba ni laini zaidi, nayatumia kwa vyambo vifupi vinavyoiga dagaa na wale samaki wadogo waitwao simu. Mbuzi naye ana nafasi yake: nywele zake hulala vizuri chini ya uzi, nami huziweka pale ambapo wengine wangetumia mkia wa paa wa Marekani. Mgongo naufanya wa buluu au kijani, tumbo jeupe, na nywele ziwe chache. Fundi mgeni hupenda kujaza, lakini dagaa ni samaki mwembamba, karibu nuru impenye.

Macho ndiyo usukani. Mmarekani Bob Clouser alifunga macho mazito upande wa juu wa ndoana ili chambo kigeuke na ncha itazame juu, isinase chini. Alikibuni kwa ajili ya mto Susquehanna, lakini leo kinavua baharini kote. Kwa maji mafupi ya hori ya Mida nakata vijimnyororo vya vizibo vya sinki, viwili viwili, vinatosha. Wakati wa bamvua, mkondo ukivuta, natumia macho ya shaba. Maji mafu yakirudi, narudi kwenye mnyororo.

Kuhusu rangi: manyoya, nywele za mbuzi na sufu zote ni protini, kwa hiyo hushika rangi ya chakula ukichemsha polepole na siki. Nywele za saluni hazishiki kabisa. Hizo nunua zikiwa na rangi unayoitaka.

Ndege wa porini sigusi. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kuwa na sehemu za mwili wao bila kibali, na bila sheria hiyo pia nisingetaka kwale au korongo afe kwa ajili ya ndoana. Vijana huniletea manyoya ya korongo marabou wa kando ya barabara, wakisikia kuwa wavuvi wa ng'ambo wanayatafuta. Nawaeleza kwamba yale yanayouzwa siku hizi kwa jina hilo ni ya bata mzinga, kisha nawauliza kama kuna jirani anayefuga weupe.