Birika la umeme lililoachwa wazi

Binti yangu mwenye umri wa miaka 12 aliiuliza programu ya mazungumzo ya akili mnemba ni kwa nini birika la umeme hujizima lenyewe maji yanapochemka, nayo ikamjibu, kwa lugha isiyo na chembe ya shaka, kwamba ndani yake mna kipimajoto kinachosubiri maji yafike nyuzi 100. Alikuwa tayari kuliandika jibu hilo daftarini. Nilimwomba angoje kidogo, tukatia maji hadi nusu ya birika, tukaliwasha kifuniko kikiwa wazi, mimi nikiwa nimesimama karibu na swichi. Maji yalichemka, yakaendelea kuchemka, na birika halikuzimika mpaka nilipolizima kwa mkono.

Kama birika lingekuwa linapima joto la maji tu, kifuniko kisingekuwa na kazi yoyote katika jambo hili. Binti yangu aliling'amua hilo kabla yangu, akasema kwamba bila shaka birika linausubiri mvuke. Ndivyo ilivyo katika mabirika mengi: mvuke hupita kwenye tundu dogo hadi kwenye kipande chembamba cha metali mbili zilizounganishwa, na kwa kuwa metali hizo hutanuka kwa viwango tofauti, kipande hujipinda ghafla na kuisukuma swichi. Kifuniko kikiwa wazi, mvuke mwingi hupotelea hewani. Tulipoieleza programu tulichokiona, ilikiri kosa mara moja na kutoa maelezo sahihi. Wepesi huo wa kukiri ulinishughulisha kuliko kosa lenyewe, maana programu hizi hutunga sentensi kwa kufuata ruwaza za maandishi yaliyotumika kuzifunza, na hazijapata kulitazama birika letu.

Tangu siku hiyo tunabashiri kwanza, tunapima, kisha ndipo tunauliza. Programu imetufaa sana katika hesabu, mradi tuikague. Ilitukumbusha kwamba kilo moja ya maji huhitaji takriban jouli 4,186 (jouli ni kipimo cha nishati) ili joto lake lipande kwa nyuzi moja. Kwa hiyo lita moja iliyoanzia nyuzi 25 ilihitaji karibu jouli 314,000, na birika la wati 2,000, yaani linalotoa jouli 2,000 kila sekunde, lingezitoa kwa sekunde 157. Saa yetu ilionyesha sekunde 190.

(Jambo moja silifanyii mjadala: hatufungui kifaa chochote cha umeme, hasa tanuri ya maikrowevu, ambayo kapasita yake huweza kuhifadhi umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa ukutani. Programu haiuoni mkono wa mtoto ulipo.)

Sekunde 33 za ziada zilimnyima binti yangu raha. Programu ilipendekeza kwamba joto lilipotea hewani, lakini yeye alishuku mwili wa birika, ambao nao lazima upashwe moto, maji yawe mengi au machache. Akapendekeza turudie kwa nusu lita: kama upotevu wote unategemea wingi wa maji, ziada ingeshuka hadi sekunde 16 au 17. Tuliliacha birika lipoe kabisa, tukapima. Hesabu ilisema sekunde 78. Saa ikasema 102. Ziada ilikuwa sekunde 24, naye akaiandika daftarini kwa wino, pamoja na swali lake linalofuata: ni ngapi kati ya hizo ambazo mvuke huzitumia kuifikia swichi?