Siku moja maishani mwangu: bafu moja, vichwa sita vya shawa

Saa 1:00 asubuhi

Mimi ni fundi bomba. Kazi ya leo ni bafu la ghorofani ambalo mwenye nyumba anataka liwe na vichwa sita vya shawa: kimoja kipana cha juu kinachomwaga kama mvua, kimoja cha mkononi, na vinne vidogo vya ukutani vinavyopiga mgongo na kiuno. Kuta bado ni tofali tupu, na nashukuru kwa hilo. Kwa shawa ya aina hii, fundi akiitwa baada ya vigae, kilichobaki ni kubomoa.

Naanza na kupima. Tangi liko juu ya paa, na kutoka kitako chake hadi kichwa cha juu cha shawa ni mita 2.5. Napima kutoka kwenye kitako kwa sababu nataka kujua hali itakavyokuwa tangi likikaribia kuisha. Kila mita 10 za kimo huleta karibu bar 1 (bar ni kipimo cha presha), kwa hiyo hapa nina robo bar. Karatasi ya maelezo ya kichwa cha juu inataka angalau bar 1.5.

Halafu ndoo. Nakinga ndoo ya lita 10 kwenye bomba lililopo, natazama saa: sekunde 75, yaani lita 8 kwa dakika. Presha inaniambia maji yana nguvu gani. Ndoo inaniambia yanafika kiasi gani. Lazima nijue yote mawili, kwani bomba jembamba huonyesha presha nzuri kwenye geji, yaani saa ya kupimia presha, wakati koki imefungwa, ukifungua tu mshale unaanguka. Ndiyo maana geji huisoma maji yakiwa yanatoka.

Saa 2:30

Mwenye nyumba amefika.

"Fundi, vyote sita vitatoa maji kwa pamoja?"

"Vinaweza, mama, ila tuhesabu lita kwanza ndipo uamue."

Kichwa cha juu kinakula lita 15 kwa dakika, cha mkononi 9, na vile vinne vya ukutani lita 5 kila kimoja. Jumla lita 44 kwa dakika. Nikamwuliza swali ambalo naona ndilo muhimu kuliko yote katika kazi hii: ukiwa unaoga, utafungua vichwa vipi kwa wakati mmoja? Akafikiri, akasema mvua ya juu na vile vya ukutani hatavihitaji pamoja. Jibu hilo limebadilisha kila kitu. Tutaweka vali ya kugawa, upande mmoja wa juu na upande mwingine wa ukutani, cha mkononi kikiweza kufunguka na wowote. Mzigo mkubwa kabisa sasa ni lita 29. Naandika 30.

Saa 4:00

Maji ya moto ndiyo yanayowaangusha wengi, na hapa sikimbii. Hita ikiwa na maji ya nyuzi 60, baridi yakiwa nyuzi 20, na mtu akipenda kuoga kwa nyuzi 40, basi nusu ya kila lita inatoka kwenye hita. Lita 30 kwa dakika ni lita 15 za moto. Hita iliyopo ina ujazo wa lita 100, na hazitoki zote zikiwa za moto kwa sababu baridi huingia nyuma yake na kuchanganyika. Ukipata 80 umefanya vizuri. Hiyo ni dakika tano na kidogo, mtu bado ana povu kichwani.

Vipi hita ya papo kwa papo, inayopasha maji yakiwa yanapita? Kupandisha lita 30 kwa dakika kutoka nyuzi 20 hadi 40 kunadai takriban kilowati 42. Ile ndogo ya umeme ya kilowati 10 inaweza kulisha lita 7 hivi, kichwa kimoja cha kiasi. Nimempa mama uchaguzi wazi: hita ya lita 200, au aoge kwa muda mfupi. Amechagua hita. Nami nimesisitiza vali ya kuchanganya inayojirekebisha yenyewe joto, maana maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ndani ya sekunde chache.

Saa 5:30

Mabomba. Tunatumia PPR, ya plastiki inayounganishwa kwa kuchomelea, na kijana ninayemfundisha kazi alishachukua la milimita 20 kwa ajili ya njia kuu. Nimemkatia kipande atazame tundu. Lile nene la kubeba maji ya moto, likisomeka 20 kwa nje, ndani lina milimita 13 tu. La 25 lina kama 16.6, la 32 lina 21. Nikitaka maji yasizidi kasi ya mita 2 kwa sekunde, ili yasipige kelele ukutani wala kupoteza presha njiani, la 20 hubeba lita 16 kwa dakika, la 25 lita 26, la 32 lita 42. Basi njia kuu kabla ya kugawanyika ni 32, moto na baridi kila moja 25, na 20 inabaki kwa kipande kifupi cha kwenda kichwa cha juu.

Saa 7:00 mchana

Pampu ya kuongeza presha, maana robo bar ya tangi haitoshi. Ile iliyoletwa kwanza imeandikwa "lita 40, mita 30", yaani lita kwa dakika na kimo inachoweza kusukuma maji. Namba hizo mbili hazipatikani kwa pamoja: mita 30 ni wakati haitoi maji hata tone, na lita 40 ni wakati haisukumi dhidi ya kitu. Nimetazama mchoro wake. Kwenye lita 30 inabakiwa na mita 10 tu. Imerudi. Ninayotaka itoe lita 30 ikiwa bado na mita 25. Itakaa kabla ya njia ya hita, ili moto na baridi visukumwe sawa, na hita yenyewe iwe ya kuhimili presha hiyo, na vali yake ya usalama.

Saa 8:30

Kuchimba kuta na kuchomelea. Vichwa vinne vya ukutani nimeviunganisha kwa mzunguko wa bomba uliofungwa, kama pete. Kila kimoja kinapata maji kutoka pande mbili na cha mwisho hakidhulumiwi.

Saa 10:00

Sakafu. Maji yanayoingia lazima yatoke. Kitundu cha kutolea maji kilichonunuliwa hupitisha lita 24 kwa dakika, nasi tunamwaga 30. Kimebadilishwa kwa kikubwa zaidi, na mteremko ni sentimita 2 kwa mita.

Saa 11:00 jioni

Miisho yote ya mabomba imezibwa kwa plagi, hita imetengwa, pampu ya mkono imepandisha bar 6, mara mbili ya presha tutakayotumia. Geji imeshuka kidogo mwanzoni. Plastiki hutanuka, hilo si kuvuja. Nimeongeza, ikatulia. Fundi vigae amepiga simu akiuliza kama kesho aje mapema. Nimemwambia asubiri nisome geji asubuhi, kisha tupige picha kuta zote na futi ya kupimia ikionekana, ndipo afunike.