Nilipolala Cilaos

Kabla sijasafiri kwenda Réunion, kila niliyemwambia alinipongeza mapema. Mkenya, mbio, kisiwa kidogo cha Bahari ya Hindi: hesabu ilishakamilika vichwani mwao. Hakuna aliyeuliza natoka Kenya ipi. Mimi ni mtu wa Pwani, kazi yangu uhasibu, na mlima ninaoupanda kila wiki ni daraja. Nilikubaliwa kwa sababu nilikuwa nimemaliza mbio ndefu ya kufuzu, na nilimaliza nikiwa miongoni mwa wale ambao mahema huanza kukunjwa huku bado wanakuja.

Mbio zenyewe ni Grand Raid, ambazo wengi huziita Diagonale des Fous. Fous ni wendawazimu, na diagonale ni kwa vile njia inakikata kisiwa mshazari, kutoka Saint-Pierre kusini hadi Saint-Denis kaskazini. Ni zaidi ya kilomita 160, na ukijumlisha miinuko yote unakuwa umepanda mita kama 10,000. Zilianza mwaka 1989 na hufanyika kila Oktoba. Unapewa siku mbili na nusu na ushee. Ukimaliza unapata fulana iliyoandikwa J'ai survécu, yaani nimenusurika. Niliitaka ile fulana kuliko nilivyowahi kutaka nguo yoyote.

Kosa la kwanza nililifanya hotelini: nilibandika bendera ndogo ya Kenya kwenye mkoba wangu wa mgongoni.

Tulianza Alhamisi usiku. Zaidi ya watu elfu mbili tumebanana, taa vichwani, na barabara ya Saint-Pierre imejaa watu pande zote mbili, ngoma zinapigwa, watoto wametoa mikono tuwaguse. Ikaonekana bendera. "Kenya! Allez Kenya!" Nikavimba kifua, nikakimbia kilomita mbili kwa mwendo usio wangu. Baadaye kidogo nilikuwa nimeshapitwa na kina mama wenye umri wa shangazi zangu. Waliokuwa wakishangilia waliiona bendera, wakanitazama usoni, kisha wakatazama nyuma yangu kama wanaomtafuta Mkenya mwingine. Tulipoingia kwenye mashamba ya miwa, giza likanisitiri. Nikaibandua nikaitia mfukoni.

Jambo ambalo sikuambiwa, au niliambiwa nikadharau, ni baridi. Mtu akisikia kisiwa cha joto anawaza minazi. Pwani ya Réunion ni hiyo hiyo minazi, lakini katikati mna Piton des Neiges, volkano iliyozimika yenye urefu wa mita 3,070 hivi, na njia yetu ilipanda usiku kucha kutoka usawa wa bahari hadi Nez de Bœuf, yapata mita 2,000. Pale upepo ulikuwa unakata. Vidole vilikufa ganzi hata nikashindwa kufungua zipu ya jaketi. Ikabidi nimwombe mtu.

Huyo mtu ndiye mzee wangu wa safari hii. Mwenyeji wa kisiwa, kofia ya sufu, mwendo wa kobe anayejua aendako. Akanifungia zipu mpaka kidevuni kama mtoto wa chekechea, akasema kitu kwa Kikrioli, nikabaki kumtumbulia macho. Basi akanifundisha salamu palepale, tukiwa tunatembea. Unaulizwa, "Koman i lé?" Unajibu, "Lé la." Yaani nipo, naendelea. Kwangu mimi, macho yakiwa yamejaa usingizi, lilisikika kama "lala". Kila tulipompita mtu amejikunja kando ya njia, mzee alimwuliza hali, na yule mtu alijibu kwa sauti ya chini, na mimi nilisikia ushauri.

Kulipopambazuka tulikuwa kwenye malisho ya ng'ombe, ukungu umelala chini, na kila baada ya hatua mia mbili hivi kuna seng'enge yenye vingazi vya mbao vya kuvukia. Panda vidaraja vinne, geuka, shuka vinne. Ukiwa mzima ni mchezo. Ukiwa umekesha ukipanda mlima, kila kingazi ni msiba mdogo. Ng'ombe walitutazama kwa upole.

Eneo hilo linaitwa Plaine des Cafres. Nilisoma kibao, nikarudia kusoma. Mzee akaniona. Akajigusa mkono, ngozi juu ya kiwiko, akasema kwa Kifaransa cha taratibu ili nimwelewe: yeye ni kaf, yaani mtu mweusi mwenye asili ya Afrika. Nilishtuka, maana sikio langu lilisikia kafiri. Na kweli ni neno lilelile, limevuka bahari mdomoni mwa wafanyabiashara wa watumwa. Waliopelekwa kisiwani kwa nguvu walitoka Madagaska, Msumbiji na hata Kilwa yetu, na wale waliotoroka mashambani walikimbilia huku juu. Utumwa ulifutwa Réunion tarehe 20 Desemba 1848, na siku hiyo huadhimishwa kila mwaka kwa jina la Fèt Kaf. Mzee analitaja jina hilo bila haya yoyote, kama mtu anavyotaja ukoo wake. Mamake babu yake alitoka "upande wa kule," akaelekeza kidole kwenye ukungu, magharibi. Zaidi ya hapo familia haijui kitu. Aliniuliza kama kwetu ni karibu na huko. Nikasema ndiyo, upande huo huo. Tukaenda kitambo bila kusema neno.

Halafu yakaja matope. Kuna mahali panaitwa Mare à Boue, maana yake dimbwi la matope, na aliyepabatiza hakuwa na utani. Kosa langu la pili, kubwa kuliko la bendera, lilikuwa soksi. Soksi kavu nilizitia zote kwenye begi la kubadilishia nguo, na begi lilipelekwa kwa gari Cilaos, mji mdogo ulio katikati ya milima, mbele huko. Mzee alikuwa na jozi mbili mkobani, ndani ya mfuko wa nailoni, na alikaa kwenye jiwe akabadili huku mimi nikimsubiri na kumwona anapoteza muda. Nilijiambia kiatu kitajikausha chenyewe. Mhasibu mzima.

Tukafika Kervéguen. Sijui niueleze vipi ule mteremko. Cilaos unaiona chini kabisa, paa ndogondogo, kana kwamba ukitema mate yatatua sokoni. Kushuka kwake ni mizizi, mawe yenye ute na ngazi za chuma zilizofungwa mwambani. Kila hatua unayoikanyaga, mguu uliolowa unateleza ndani ya kiatu, vidole vinagonga mbele. Katikati ya mteremko nilihisi kitu cha moto kwenye wayo wa kushoto, kama nimekanyaga kaa. Muda kidogo kikawa na upande wa kulia. Nikaanza kushuka kinyumenyume, nimeshika mizizi. Mzee alinisubiri mara tatu. Ya nne nikamwambia atangulie. Hakubishana, alinigusa bega, akaenda.

Niliingia uwanja wa Cilaos giza limeshaingia, nusu saa kabla ya kikomo cha muda. Vitanda vya kambi vimepangwa, watu wamefunikwa blanketi hadi usoni, supu inanukia. Msichana wa huduma ya miguu aliniketisha, akavuta soksi ya kushoto taratibu. Soksi ilitoka na kitu kingine. Wayo mzima, kuanzia chini ya vidole hadi karibu na kisigino, ulikuwa mweupe, umekunjamana kama mikono ya dobi, na katikati ngozi imejikunja ukingoni kama karatasi iliyolowa maji. Chini yake palikuwa pekundu na panang'aa. Alinitazama bila kusema. Akachukua kipimajoto, akapima, akapima tena. Kisha akaniuliza swali moja tu: najua kinachofuata?

Nilijua. Mlima wa Taïbit, zaidi ya mita 2,000, kisha bonde la Mafate ambalo halina barabara hata moja. Wakazi wake huletewa mizigo kwa helikopta. Ukikwama humo, ni kutembea utoke au ubebwe kwa hewa. Nilikaa na lile swali hadi zimebaki dakika sita. Nikatoa namba kifuani mwenyewe. Kuna watu wanasema walilia. Mimi niliomba supu nyingine.

Cilaos ni jina la Kimalagasi. Huelezwa kuwa ni mahali mtu haondoki, kwa sababu mtoro akishafika ndani ya kuta zile za milima alikuwa salama. Nililala humo kama gogo. Asubuhi nikaondoka kwa basi, kwenye barabara inayosifika kwa kona zake 400, na sina sababu ya kubisha, maana nilizihesabu kwa tumbo.

Jumapili nilijikokota kwa ndara hadi uwanja wa La Redoute, Saint-Denis, mstari wa kumalizia. Nilikaa kwenye nyasi tangu alfajiri. Walikuja wakichechemea, wengine wameshika watoto wao mkono, mmoja akicheka peke yake bila kukoma. Niliwaonea wivu wote, na sioni haya kusema hivyo.

Mzee aliingia saa tatu asubuhi. Kofia ileile ya sufu. Walimvisha fulana, akaikunja vizuri akaitia mkobani, kando ya ule mfuko wa nailoni wa soksi. Akanitambua, akaja akaitazama miguu yangu iliyofungwa bendeji, akatikisa kichwa.

"Koman i lé?" nikamwuliza.

"Lé la," akajibu, akajinyoosha kwenye nyasi kando yangu, na kabla sijamwambia lolote alikuwa ameanza kukoroma.