Siku moja kwenye meza ya takwimu, Kirumba

Saa 1:30 asubuhi nashuka daladala Kirumba, Mwanza, saa 2 niko kwenye meza yangu. Hadi saa 4 nasafisha data za watu. Mmoja kaandika ndoo, mwingine gunia. Kuna sifuri ya aliyelala nyumbani na sifuri ya aliyekesha ziwani akarudi mikono mitupu, na hizo si sifuri moja.

Saa 4:30 akaingia mwanafunzi wa uzamili. Ana mapato ya mitumbwi 40 ya dagaa kutoka mialo 5, yaani fukwe 5 ambako mitumbwi hushusha samaki, anataka kujua kama wenye taa za sola wanapata zaidi kuliko wenye karabai.

"Dada, msimamizi kasema jaribio la t. Nifanyie tu niwahi basi."

Nikamchorea namba zake kwanza. Mitumbwi mingi imerundikana kwenye mapato madogo, mitatu imekaa mbali kabisa. Jaribio la t, la kulinganisha wastani wa makundi mawili, ambalo William Gosset alilichapisha mwaka 1908 kwa jina la Student, hupendelea namba zilizojipanga kama kengele. Sampuli ikiwa kubwa linavumilia, lakini kwa mkia kama huu mtumbwi mmoja unauvuta wastani wote.

Nikamweleza butistrapu, njia ya kupima mashaka kwa kuchota upya kutoka namba zilezile, ya Bradley Efron, 1979. Unachota mtumbwi, unauandika, unaurudisha, mpaka ifike 40. Unapiga wastani. Unarudia mara 10,000, na jinsi wastani hizo zinavyotawanyika ndivyo mashaka yako yalivyo.

"Kwa hiyo niandike sampuli ni 10,000?"

Hapana. Akauliza tena kwa njia nyingine. Hapana, mdogo wangu: ukiipima ndoo ileile mara 10,000 huongezi hata dagaa mmoja. Akanuna, akasema rafiki yake alifanyiwa hivyo na akafaulu. Hapo ndipo kazi hii inapochosha. Watu hudhani nalipwa kubonyeza programu mpaka jibu zuri litoke. Kumbe nalipwa kukataa.

Umeme ukakatika. Tukaendelea kwa karatasi, jasho linatutoka, mchana ukapita sijala. Nikamuuliza swali lililonisumbua tangu asubuhi: mitumbwi ya mwalo mmoja si hutoka usiku mmoja, upepo mmoja, bei moja? Basi si 40 inayojitegemea. Ingebidi tuchote mialo mizima, na mialo 5 ni michache mno kwa butistrapu.

"Kila mwalo una wa sola na wa karabai?"

"Ndiyo, dada."

Nikafurahi kwelikweli. Tutazichanganya lebo za taa ndani ya kila mwalo, maelfu ya mara, tuone tofauti aliyoipata ingetokea mara ngapi kama taa hazina maana. Hakuna kengele inayohitajika. Ila nikamwandikia na onyo: mwenye sola huenda ana mtaji na nyavu bora pia, kwa hiyo asiseme taa ndiyo iliyoleta pesa. Nikaongeza aya mbili za kumpa msimamizi wake.

Basi lilishaondoka. Sijui ilikuwa saa ngapi nilipofunga mlango. Miguu ilikuwa mizito.

Usiku, nimeshalala, simu. "Dada, mialo miwili nilikusanya mwezi umeanza kung'aa, na dagaa hupungua kukiwa na mbalamwezi. Nimeharibu?"

Nikakaa kitandani. Hujaharibu, tunalinganisha ndani ya mwalo uleule, chini ya mwezi uleule. Lakini liandike, kesho, kabla ya jedwali la kwanza.