Herufi Mbili Ubavuni mwa Randa

Jumamosi, usiku

Nimenawa mara tatu na mikono bado inanuka kutu. Leo nimepata randa, kifaa cha seremala cha kusawazishia mbao.

Niliikuta ndani ya boksi, chini ya meza, kwenye nyumba ambayo mzee wao amefariki na watoto wamefungua stoo, wakatoa kila kitu na kukitandaza uani kwa ajili ya wanunuzi. Nyumba kama hizo huwa naziendea asubuhi mapema, na juu ya meza huwa sianzii. Juu ya meza hupangwa vitu ambavyo muuzaji anajua vina thamani: mashine za umeme, seti za spana zikiwa kwenye mikebe yake. Vifaa vya mkono huwa chini, kwenye ndoo na maboksi, vimechanganyikana na misumari iliyopinda, kufuli zisizo na funguo na vipande vya waya. Huko ndiko ninakopiga magoti.

Kwanza niliona mpini tu, umechomoza katikati ya tupa butu. Niliushika na kuvuta. Randa ya chuma, ndogo, ya kulainishia, ile ambayo kampuni ya Stanley ya Marekani waliipa namba 4, kisu chake kina upana wa milimita 50 hivi. Ilikuwa imevaa kutu kuanzia mbele hadi nyuma, rangi ya udongo mwekundu.

Kutu ya juu haijawahi kunitisha. Ninachokitafuta kwa hofu ni ufa, hasa pembeni mwa mdomo wa randa, pale kisu kinapotokeza, kwa sababu chuma cha kusubu kikianguka sakafuni hupasuka mahali hapo. Nilipitisha ukucha kila upande, taratibu. Hakuna kitu. Nikaangalia kama skrubu zote zipo, maana skrubu za randa hizi zina nyuzi za kipimo chao wenyewe na ukipoteza moja hupati ya kufanana nayo dukani. Zipo zote. Nilipochomoa kisu na kufuta kitanda chake kwa kidole, zikatokea tarehe za hataza, yaani haki za mvumbuzi: mbili za mwaka 1902 na moja ya 1910. Nilibaki nimechuchumaa pale kwa muda. Kwa hiyo haikutengenezwa kabla ya 1910, lakini haiko mbali sana na hapo, kwa sababu baadaye Stanley waliacha kuandika hizo za 1902. Mtindo wenyewe ni wa mvumbuzi Leonard Bailey, ambaye hataza zake Stanley walizinunua mwaka 1869, na hadi leo ukinunua randa mpya ya chuma, kiini chake ni kilekile: gurudumu dogo nyuma ya kisu, unalizungusha kwa kidole kimoja na kisu kinashuka kwa unene wa unywele.

Ubavuni kulikuwa na herufi mbili, K na S, zimegongwa kwa ncha ya msumari, nukta kwa nukta.

"Hizo ni za baba," akasema dada aliyekuwa akiuza. Nikamuuliza kama ana hakika anataka kuiuza. "Kaka, sijui hata inafanya kazi gani. Nyumbani hakuna wa kuishika. Afadhali ichukuliwe na anayeijua." Nikamwambia nitaitumia, sitaiweka kabatini. Akaitikia kwa kichwa, kisha akageuka kumjibu mtu aliyekuwa akiuliza bei ya ile meza iliyobeba vitu. "Hapana, samahani. Meza haiuzwi."

Jumapili

Siku nzima nimekuwa nayo. Niliifungua vipande vyote na kuvipanga kwenye kitambaa kwa mpangilio niliovitoa. Kirungu cha mbele na mpini wa nyuma ni mbao nzito, nyekundu inayoelekea weusi. Mpini umechakaa upande mmoja tu, pale kiganja kinapokaa, na hapo mbao imelainika kuliko msasa wowote unavyoweza kuilainisha. Nimeufuta vumbi, nikaupaka mafuta ya kitani, basi. Msasa sijaugusa. (Vitambaa vya mafuta ya kitani nimevitandaza nje kimoja kimoja vikauke. Ukivikunja na kuvirundika hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka moto bila kiberiti. Kila anayeanza kazi hii nitamwambia hilo kabla ya kumwambia lolote kuhusu kutu.)

Vipande vidogo nilivitia kwenye siki tangu jana usiku. Asubuhi kutu ilikuwa imelainika, ikatoka kwa brashi ya shaba. Siki haitaki kusahauliwa: ikimaliza kutu huanza kula chuma chenyewe, na kipande kikitoka humo lazima kisuuzwe kwa maji yenye magadi ili asidi ife, kikaushwe papo hapo, kipakwe mafuta. Ukikiacha dakika chache tu, kutu mpya ya rangi ya chungwa inarudi mbele ya macho yako.

Mwili wa randa niliufanyia njia ya umeme, ninayoipenda zaidi kwa sababu haili chuma kisicho na kutu. Beseni la plastiki, maji, magadi ya kufulia, na chaja ya betri ya volti 12. Waya hasi unafungwa kwenye kifaa chenye kutu, waya chanya kwenye kipande cha chuma chakavu kitakachojitoa mhanga. Hapo usiweke chuma kisichoshika kutu, kwa sababu kina kromu na maji yatageuka sumu. Nilifanyia nje, kwani mapovu yanayopanda ni haidrojeni, gesi inayoshika moto. Baada ya saa kadhaa randa ilitoka nyeusi, imefunikwa na kitu kama masizi, na masizi yalipofutika zile herufi mbili zilikuwa wazi kuliko jana. Nukta zote.

Kuna wanaosugua mbavu za randa hadi zing'ae kama kioo. Nawaelewa, nami nilianza hivyo. Lakini ili zing'ae lazima uondoe chuma, na ukiondoa chuma umeondoa na jina la mtu. Mbavu za hii nimezipaka nta zikiwa na rangi yake ya kijivu, na madoa yake.

Nina patasi moja kwenye droo ambayo siitumii wala siitupi. Niliipata kwa njia hii hii, mwaka wangu wa kwanza, makali yamemenyeka. Nikaipeleka kwenye mashine ya kunolea na kuikandamiza kwa haraka, nikitaka kumaliza kabla giza halijaingia. Ncha ikageuka ya manjano, kisha kahawia, kisha bluu, mambo ya sekunde chache. Bluu maana yake chuma kimepita joto lake, kimelegea. Tangu siku ile haishiki makali. Unainoa, unakata mara mbili, imekuwa butu. Mtu aliyeihifadhi miaka yote hiyo aliniachia kitu kizima na mimi nikakiharibu kwa papara ya jioni moja. Inaniuma hadi leo. Kwa hiyo sasa nanoa kwa mkono, juu ya kinoo, na maji.

Na leo nusura nirudie kosa lile kwa namna nyingine.

Nilipochukua kisu cha randa niliweka rula ya chuma kwenye makali ili nione kama yamenyooka. Hayakunyooka. Rula iligusa katikati, na pembe zote mbili zikapitisha mwanga. Nikasema moyoni, mzee huyu hakujua kunoa. Nikaandaa kinoo cha chembe kubwa ili niyanyooshe. Nilikuwa nimekwisha kuweka maji.

Sijui ni nini kilinifanya niiangalie tena ile nafasi ya mwanga. Upande wa kushoto na wa kulia zilikuwa sawasawa. Mtu anayenoa vibaya hula upande mmoja zaidi, ule ambao mkono wake unalemea. Huyu alikuwa ameshusha pembe zote mbili kwa kiasi kilekile, kama unene wa karatasi, na mviringo wenyewe haukuwa na mahali unapokatika. Alikusudia. Kisu kilichonyooka kabisa, ukikipitisha kwenye ubao mpana kuliko chenyewe, kila mpito huacha mistari miwili, alama za pembe zake. Pembe zikishushwa kidogo, randa inapita na kurudi bila kuacha alama. Mimi najua jambo hili kwa kulisoma. Yeye alilijua kwa mikono.

Nikamwaga yale maji, nikachukua kinoo laini. Nikanoa kwa kufuata mviringo wake, nikilemea kushoto mara kumi, kulia mara kumi, katikati mara tano. Nikashika mteremko wa nyuzi 25 aliokuwa ameushika yeye. Nikageuza kisu, nikalaza mgongo wake bapa kwenye jiwe, hadi kile kinyuzi cha chuma kinachobaki ukingoni kikadondoka. Nikafunga kila kitu, bamba la kuvunjia maranda likiwa nusu milimita nyuma ya makali. Kiganja changu kilipokaa kwenye mpini, kiliingia palepale palipochakaa.

Mpito wa kwanza haukukata. Nikazungusha gurudumu, robo tu. Wa pili ulitoa vumbi. Wa tatu ukatoa utepe mmoja mrefu wa mbao, mwembamba, mnene kidogo katikati na kufifia pembeni hadi usionekane unaishia wapi. Niliunyanyua kuelekea dirishani na nikaona vidole vyangu kupitia kwake. Nikamaliza ubao wote, kisha nikauinamia kwenye mwanga wa ubavuni kutafuta mistari. Haukuwa na hata mmoja. Lakini nilipopitisha kiganja kwa kukata nyuzi za mbao, mikono ilihisi kitu ambacho macho hayakukiona: mawimbi madogo sana, moja baada ya jingine.

Sasa ni usiku na ninaifikiria ile meza. Ilikuwa ya mbao pana, za zamani, na sikuiangalia hata kidogo kwa kuwa nilikuwa magotini nikichakura chini yake. Kesho nikitoka kazini nitapita pale. Nitamwonyesha dada yule randa ya baba yake ilivyo sasa, kisha nitamwomba aniruhusu nipitishe kiganja juu ya meza.